Fulana za Watu Wengine

Mimi sipendi mpira. Naomba lieleweke hilo tangu mwanzo, maana watu wakisikia nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye chumba cha vifaa cha timu ya chuo hapa Alder Creek, Kansas, wananiuliza matokeo. Matokeo nayajulia wapi? Mimi najua soksi. Najua jasho la nani linanuka vitunguu, na nani anaficha taulo la timu chini ya kitanda chake wiki nzima. Mpira wenyewe nautazama kwa jicho moja, jicho jingine liko kwenye mashine ya kufulia.

Lakini huyu Emmett Vesely alinivuruga akili, na mpaka leo sijatengemaa.

Alijileta. Ndivyo tunavyosema pale chumbani kwetu. Timu ya chuo huwafuata vijana makwao, inawabembeleza wao na mama zao, inawalipia masomo na chakula. Halafu wapo wale ambao hakuna aliyewaita. Wanakuja wenyewe mwezi wa nane, viatu mkononi, wanasema nijaribuni. Emmett alijileta kutoka shamba la ngano na ng'ombe, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Siku ya kwanza alisimama dirishani pangu, mrefu, masikio mekundu kwa jua, nikamuuliza saizi ya kiatu. Akanipa saizi ya kiatu, urefu wake, uzito wake, na kwamba amekuja kusoma kemia.

"Sijakuuliza kemia," nikamwambia.

"Samahani, mama. Nina wasiwasi."

"Wasiwasi sina saizi yake humu. Chukua viatu, mwenzako anasubiri."

Akacheka. Tangu siku hiyo akaniita Bi Salome, na kila akirudisha nguo alizikunja. Miaka kumi na tisa, wachezaji zaidi ya elfu, na huyo ndiye peke yake aliyenirudishia nguo zimekunjwa. Mnashangaa kwa nini nilimpenda?

Sasa, kwa asiyeujua mchezo huu: mpira una umbo la yai, unabebwa mikononi, na kila timu ina upande wake wa kuupeleka. Ukiufikisha mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, umepata pointi. Ukiubeba ukaingia nao mwisho wa upande wako mwenyewe ukapiga goti huko, wapinzani ndio wanaopewa pointi mbili. Basi. Yaliyobaki ni kelele.

Na kazi ya waliojileta ni hii. Kila Jumamosi tunacheza na chuo kingine, na kabla ya hapo lazima wakubwa wetu, wale wanaocheza kweli, wafanye mazoezi dhidi ya mtu anayefanana na hao wanaokuja. Kwa hiyo waliojileta wanaigiza. Jumatatu asubuhi Kocha Ostermeyer, yule wa ulinzi, ananiletea karatasi ya majina na nambari. Mimi nachukua fulana nyekundu za mazoezi, nakata utepe mweupe, nabandika: saba, ishirini na mbili, themanini na nne. Anayevaa fulana hiyo, wiki nzima ni mtu mwingine. Si wa kwetu tena, ni wa wale.

Emmett kwa haki yake alikuwa mlinzi wa nyuma. Lakini mazoezini walimpa kuwa mshambuliaji wa watu, yule anayekimbia mbele na kudaka mpira, na aliifanya kazi ile kwa namna ambayo sijawahi kuona. Alikwenda kwenye chumba cha video na daftari na kalamu za rangi nne, kama anavyofanya na kemia yake. Alijua mtu huyo anaanza na mguu gani. Alijua kwamba akiwa na hofu anavuta glavu ya kushoto. Ishara wanazopeana kwa mikono kutoka benchi lao alizikariri zote. Jumanne akiingia uwanjani, wakubwa wetu walikuwa wanalia.

"Bi Salome, mfichie Emmett nguo zake," Terrence aliniambia siku moja, jitu la kilo mia moja na thelathini, tegemeo la ulinzi wetu. "Leo ametudhalilisha."

"Si mmezidiwa tu?"

"Hatukuzidiwa na Emmett. Tulizidiwa na yule jamaa wa Oklahoma. Emmett hakuwepo kabisa."

Alisema kwa utani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwigaji bora wa wiki hupewa kofia. Emmett alikuwa na kofia tisa. Na darasani ndiyo usiseme. Muhula baada ya muhula hakuna alama iliyopungua, picha yake ilitundikwa kwenye korido pamoja na wanamichezo waliofaulu kuliko wote, na chuo kimoja cha udaktari kilikuwa kimeshamkubali kwa mwaka unaofuata. Terrence na wenzake wawili wangeshazuiwa kucheza kwa kufeli kemia kama si Emmett kukaa nao mezani kila Jumatano, anawachorea duara na vijiti mpaka waelewe. Wao walicheza. Aliyewafundisha akakaa benchi.

Kocha Ostermeyer hakujua jina lake. Miaka minne! Alimwita kwa jina la yule aliyeigizwa wiki hiyo. "Safi sana, Pritchard!" "Rudia hiyo, Lomax!" Na Emmett aliitika. Mwanzoni kwa adabu, baadaye kwa mazoea, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuniogopesha. Mwaka wa tatu alifanya mtihani, akapata tisini na nane, karatasi ikarudi na maandishi ya mwalimu kwa wino mwekundu: Pritchard ni nani? Alikuwa ameandika jina la Pritchard mahali pa jina lake. Akanionyesha, tukacheka hadi nikashika meza. Baadaye nikiwa peke yangu sikucheka.

Halafu mwaka huu wa mwisho, Alhamisi moja mwezi wa kumi, akasimama dirishani na fulana nyekundu mkononi. Haondoki.

"Bi Salome, mimi natembeaje?"

"Kwa miguu."

"Hapana, nisikilize. Tazama." Akatembea kwenye korido, akaenda, akarudi. "Huyu ni mimi? Au ni yule wa wiki iliyopita?"

Nimemwona kijana miaka minne, ningekula kiapo kwamba namjua, na pale sikujua. Kulikuwa na kitu begani, kama kuinua bega moja hivi, sikukumbuka kama ni chake au cha mtu. Nikakasirika. Mimi nikiogopa hukasirika.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Unasoma mno."

"Ndiyo, mama."

"Na ukitaka kujua unavyotembea kamuulize mama yako, ndiye aliyekuona ukianza."

Akasema, "Mama anajua. Baba ndiye nataka aone."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamla. Baba yake, Mzee Leonard Vesely, alikuja kila mchezo wa nyumbani kwa miaka minne. Kila mchezo. Analisha ng'ombe kabla ya jua, anaendesha gari kwa saa mbili na nusu, anakaa safu ya kumi na mbili karibu na lango letu, kofia kichwani, kikapu cha mikate ya nyama na kabichi magotini, na mkewe Arlene pembeni kavaa ile beji kubwa ya duara yenye picha ya mtoto wanayovaa akina mama wote wa wachezaji. Anatazama mgongo wa mwanawe kwenye benchi kwa saa tatu. Anarudi nyumbani kulisha ng'ombe. Hajawahi kuuliza kwa nini. Watu wa kule hawaulizi.

"Anione mara moja tu," Emmett aliniambia. "Hata sekunde tano. Nikiwa mimi. Si lazima nifanye la maana, Bi Salome, awe tu amekuja akaniona."

Mchezo wa mwisho wa nyumbani ulikuwa Novemba, na baada ya huo hakuna tena. Kocha alimwahidi kwamba tukiwa tumewaacha mbali sana dakika za mwisho, ataingia. Mimi, nisiyependa mpira, wiki hiyo niliomba Mungu tuwafunge wapinzani wetu, chuo cha Wardell, mabao ya kutosha. Mungu anisamehe, nilitaja na idadi.

Wiki hiyo nilimbandikia kumi na moja. Huyo ni Trey Maddox, mshambuliaji wa Wardell, kijana mwembamba wa mbio kali. Jumatatu mpaka Ijumaa Emmett alikuwa Maddox. Wardell walikuwa na mtindo mmoja walioupenda sana, Maddox anakimbia moja kwa moja, anakata kushoto, mpira unamkuta, anageuka na kwenda mpaka mwisho. Emmett aliufanya huo mara sitini wiki ile. Sitini, nilihesabu nikitandika taulo. Kila mara anadaka, anageuka, anakwenda.

Jumamosi ikaja, baridi ya kukata masikio. Kabla ya mchezo wale wa mwaka wa mwisho wanatoka uwanjani na wazazi wao, jina linatajwa kwenye kipaza sauti, mama anapewa ua. Mzee Leonard alitembea kwenye majani yale kama anakanyaga mbegu za mtu. Arlene alilia. Watu elfu ishirini wakapiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtu usiyemjua.

Mchezo wenyewe ukaenda vizuri mpaka nikashangaa. Thelathini na nane kwa sifuri. Na hiyo sifuri ndiyo iliyomtia wazimu Ostermeyer. Tangu aje hapa, miaka kumi na minne, ulinzi wake haujawahi kumzuia mtu asipate hata pointi moja nyumbani. Anatafuna mbegu zake za alizeti, anatema, anatafuna, anaangalia saa. Wardell nao wamewaacha wakubwa wao ndani, Maddox akiwemo, hawataki kurudi kwao na sifuri.

Zikabaki dakika mbili. Ostermeyer akaangalia benchi. Nilikuwa nyuma yake na taulo, nilimwona akihangaika, jina halimjii. Halafu akanyoosha kidole.

"Maddox! Ingia!"

Wallahi naapa. Yule Maddox mwenyewe, kule uwanjani, aligeuka. Akajigusa kifua kuuliza, mimi? Na Emmett wetu akavaa kofia ya chuma akaingia mbio, hajasita hata kidogo, maana alijua ameitwa.

Nikatupa macho safu ya kumi na mbili. Mzee Leonard ameshika kikapu kwa mikono miwili.

Mpira walikuwa nao Wardell, na mara mbili za kwanza walizourusha haukumfikia. Halafu nikaona benchi la Wardell, mtu anagusa kofia mara mbili, kisha goti. Ishara sikuzijua, nilimjua Emmett. Alianza kwenda kabla mpira haujaguswa. Alikimbia kule kule alikokimbia mara sitini, akakata pale pale, na Maddox mwenyewe akafika nyuma yake kama aliyechelewa miadi. Mpira ukashuka mikononi mwa Emmett. Ule ukelele! Nilidondosha taulo zote.

Akageuka. Akakimbia.

Akakimbilia upande wetu.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Mimi ndiye niliyeelewa, maana ndiye niliyekuwa nahesabu wiki nzima: anadaka, anageuka, anakwenda, na Maddox huenda upande huo. Alikuwa anaupeleka mpira mwisho wa upande wetu wenyewe. Benchi zima likasimama. "Rudi! Rudi! Si huko!" Uwanja mzima ukashika, rudi, rudi. Terrence anamfuata anahema, anajaribu kumkamata mwenzake shati. Wachezaji wa Wardell wamesimama tu, Maddox mikono kiunoni, anamtazama mtu anayekimbia mbio zake.

Na katikati ya njia Emmett akapunguza mwendo. Akasikia. Karibu asimame kabisa. Aligeuza uso kuelekea watu, na nikauona vizuri, uso wa mtu aliyefungua mlango akakuta si nyumba yake. Nikasema, asante Mungu, amezinduka. Mara akaondoka tena, kwa kasi kuliko mwanzo, mpaka mwisho, akapiga goti na mpira kifuani.

Mwamuzi akaunganisha viganja juu ya kichwa. Pointi mbili kwa Wardell. Thelathini na nane kwa mbili.

Kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka uwanja wote. Kipaza sauti kikasema, "Emmett Vesely," basi, hakikuongeza kitu, na watu wakacheka zaidi. Ostermeyer alitema mbegu zote kwa pamoja.

"Nani yule?" anafoka. "Nani yule? Nani amemwingiza?"

Nilishindwa kujizuia. "Ni Emmett Vesely, Kocha. Wewe umemwita Maddox, akaingia Maddox, akakimbia kama Maddox. Sasa unalia nini?"

Aligeuka akanitazama kama vile mashine ya kufulia imesema. Nilijua nimevuka mpaka, lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa sijui nimkasirikie nani. Yeye? Emmett? Mimi niliyebandika utepe? Akili nyingi huondoa maarifa, wanasema kwetu, na pale nilitaka kumkamata yule kijana masikio nimuulize akili zake zote zile zilikwenda wapi. Jumlisha na hilo la kupunguza mwendo. Kupotea naelewa. Lakini alishasikia. Kwa nini aliendelea?

Mchezo ukaisha. Huku kwetu ukiisha, familia zinashuka kwenye majani kukumbatiana na watoto wao. Emmett alikuwa benchi, taulo kichwani, na wenzake wanapita wanampiga bega.

"Maddox, basi lenu limepaki kule ng'ambo, wasikuache!"

Terrence akachuchumaa mbele yake, akamwambia taratibu, "Wewe ulinifundisha kemia. Jumatano njoo nikufundishe kaskazini na kusini."

Emmett akacheka chini ya taulo, kicheko kibaya, cha kukaribia kulia. "Nimewaharibia sifuri yenu."

"Sifuri si ya kwangu, ni ya Ostermeyer. Mimi ya kwangu umeniondolea kwenye kemia." Akanyanyuka akaenda zake.

Ndipo Mzee Leonard akaja. Arlene alibaki nyuma kidogo, ua mkononi, beji imepinda. Mzee alivua kofia, na hiyo peke yake ilinishtua, sijawahi kukiona kichwa chake.

"Emmett."

"Baba, nisamehe." Hakuinua uso. "Miaka minne unakuja. Halafu unaona hivi."

"Ngoja. Mimi ndiye nina neno la kusema." Akaizungusha kofia mikononi. Mtu asiyezoea kusema, maneno anayatoa moja moja. "Nilisimama. Mpira ulipokufikia nilisimama, kikapu kikamwagika juu ya watu. Nikapiga kelele. Nilisema kimbia. Nilisema kimbia, mwanangu, usisimame. Mama yako ananivuta koti, Leonard, si huko, Leonard, nyamaza. Simsikii. Sikuangalia upande, Emmett. Nilikuangalia wewe."

Emmett akalitoa taulo.

"Watu wote hawa walikuwa wanakuambia rudi," mzee akasema. "Ni mimi tu niliyekuwa nakupoteza njia. Nimekuja nikuombe msamaha."

"Nilikusikia," Emmett akasema.

"Umesemaje?"

"Niliwasikia wao kwanza. Nikajua nimepotea, nikataka kugeuka. Halafu nikakusikia wewe."

Kofia ikamwanguka Mzee Leonard majanini na hakuiokota. Arlene ndiye aliyeiinamia.